Sumaku Ichaguayo Upande

Wasikilizaji, kila apasuaye kuni ajua ya kuwa gogo hupasuka upesi shoka likifuata nyuzi zake, bali likipigwa kwa kukingama humchosha mtu bure. Gogo ni lile lile na shoka ni lile lile. Tofauti ni upande. Leo nataka kuwaeleza ya kuwa sumaku nayo ina upande wake mwepesi na upande wake mgumu.

Iko metali iitwayo disprosiamu, mojawapo ya jamii ya madini adimu. Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aliitambua mwaka 1886, na kwa taabu aliyoipata akaipa jina la Kiyunani lenye maana ya kitu kigumu kupatikana.

Kila atomu ya metali hii ni sumaku ndogo. Katika fuwele, yaani kipande ambacho atomu zake zimepangwa kwa taratibu kama katika punje ya chumvi, atomu hizo hukaa tabaka juu ya tabaka. Fuwele ikipozwa kupita digrii 94 za Sentigredi chini ya sifuri, sumaku zote za tabaka moja huelekea upande mmoja. Lakini tabaka la pili hugeuka kidogo, na la tatu hugeuka tena, mfano wa vidato vya ngazi izungukayo ndani ya mnara. Basi nguvu zao hubatilishana, hata fuwele nzima haionekani kuwa sumaku. Ni kama wavutao kamba wenye nguvu sawa: kamba haiendi, wala hapana aliyelegea. Mabingwa wa Oak Ridge, Marekani, waliuonyesha mpango huu mwaka 1961 kwa kupitisha chembe ziitwazo nyutroni ndani ya fuwele.

Lakini katika kugeuka kote huko, sumaku hizo hulala ndani ya tabaka zao, hazisimami. Pengine mtu atauliza, kwa nini? Elektroni za ndani za disprosiamu zimekusanyika kwa umbo la bapa kama gurudumu, na sumaku ya atomu hufuata mhimili wa gurudumu hilo. Umeme wa atomu za jirani hulisimamisha gurudumu wima. Na gurudumu likisimama, mhimili wake hulala. Metali iitwayo erbiamu ina umbo refu kama yai, nayo sumaku zake hupenda kusimama. Gadoliniamu ni mviringo kama mpira, kwa hiyo upendeleo wake ni mdogo sana.

Faida yake ni nini? Mwaka 1982 Masato Sagawa wa Japani alitengeneza sumaku yenye nguvu nyingi kwa neodimiamu, chuma na boroni. Sumaku za namna hiyo huendesha mota za magari mengi ya umeme. Lakini mota hupata moto, na moto huzitikisa sumaku hata zipotee upande wake. Disprosiamu kidogo ikitiwa humo, huzishika zisigeuke. Hata hivyo ina gharama: atomu zake huelekea kinyume cha zile za chuma, na nguvu ya jumla hupungua kidogo.

Kwa hiyo mtengenezaji hana budi kupima: akitia nyingi, apunguza nguvu na kumaliza mali iliyo adimu, akitia haba, sumaku yake haitastahimili moto.