Gurudumu la Waya Lisilomchosha Fundi

Mtu apitaye Kware, mashariki ya Nairobi (jina hilo ni la machimbo ya mawe, wala si la yule ndege), huona nyaya zikivuka vichochoro kutoka nguzo hadi ghorofa. Tangu nyaya za baharini za intaneti zilipofika Mombasa mwaka 2009, nyuzi za kioo zimeenea hata mitaani. Lakini ni wachache wafikirio gurudumu ambalo hukunjiwa.

Gurudumu kubwa la mbao hufaa kuchukuliwa kwa lori. Ngazini ni mzigo wa adhabu. Wengine hulipunguza uzito kwa kukifanya kitovu chake kiwe chembamba, na hapo ndipo wakoseapo. Kwa kawaida, waya wa unene wa milimita 5 unapovutwa haupasi kuzunguka kitovu chenye upana chini ya sentimita 20. Ukikunjwa zaidi, nuru hupotea njiani, au kioo hukatika ndani pasipo alama nje, na mwenye nyumba hulipia intaneti asiyoipata.

Uzito na upunguzwe mbavuni. Mbavu za bomba jembamba, zikikazwa kwa bolti, hufunguliwa mmoja mmoja. Uliopinda hunyooshwa na fundi yeyote wa vyuma. Ekseli na gololi ziwe za baiskeli, maana hupatikana kila mahali. Kipande cha tairi kuukuu kikigusa ukingo ni breki ya kutosha. Pasipo hicho, fundi akiacha kuvuta ghafula, gurudumu huendelea kuzunguka na waya humwagika matopeni.