Je, Wajua? Dimensia Huvuruga Hata Pua na Macho

Dimensia haiishii kwenye kusahau. Ubongo ukidhoofika, milango ya fahamu nayo huyumba. Kwa familia ya Kinoru, mjini Meru, inayomtunza nyanya au babu, haya ni muhimu:

• Pua. Kwa wagonjwa wengi wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, uwezo wa kunusa hupungua mapema. Mzee huenda asisikie harufu ya gesi inayovuja wala githeri inayoungua. Funga mtungi baada ya kupika.

• Macho. Mkeka mweusi mlangoni huweza kuonekana kama shimo, naye akakataa kupita. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe humpotea machoni; mpakulie kwenye sahani ya rangi iliyokolea.

• Masikio. Kelele za siku ya mechi katika Uwanja wa Kinoru huweza kumtia wasiwasi. Zima redio, keti mbele yake, sema polepole. Akirudia Kimeru chake cha utotoni, mjibu kwa Kimeru.

• Ngozi. Huenda asitambue maji ya moto. Yapime kwa kiwiko chako kabla ya kumwogesha.

Mwaka 2021, watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa na dimensia. Ni maradhi ya ubongo, si uchawi wala laana.

Angalia: Mzee akivurugika ghafla, kwa saa au siku chache tu, usiseme ni uzee. Huenda ana maambukizi yanayotibika. Mpeleke hospitalini mara moja.