Nani anamkagua mlezi wa wazee?

Kila inapokaribia Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, magari hayakauki kwenye makazi ya wazee. Inashushwa mifuko ya mchele, mafuta ya kupikia, sabuni na magodoro. Wazee wanakuwa wameogeshwa mapema, wamepangwa kwenye viti chini ya mti, na mgeni rasmi anapigwa picha akimkabidhi bibi doti ya khanga. Ramadhani ni hivyohivyo, na Krismasi pia. Wema huo ni wa kweli, wala sina nia ya kuubeza. Ila ni nadra mgeni wa siku hiyo kuingia ndani na kuomba kuona visigino vya mzee asiyeweza kujigeuza kitandani.

Na visigino ndivyo vinavyosema ukweli. Mtu akilala upande mmoja kwa muda mrefu, damu haipiti vizuri pale mwili unapogandamizwa: visiginoni, kwenye nyonga, chini ya kiuno. Ngozi hubadilika rangi, ikawa ya moto, kisha ikachanika. Kidonda kikiachwa kinaweza kufika mfupani. Kinga yake haihitaji mashine. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, akaushwe anapojikojolea, ale chakula chenye protini. Inahitaji mikono tu, na mikono ndiyo haba. Mlezi mmoja akiachiwa wazee 20 usiku kucha, hata awe na huruma kiasi gani, hawezi.

Tazama pia kikombe cha maji. Kikiwa juu ya dirisha, hatua kadhaa kutoka kitandani, basi yule aliyelala hanywi mpaka mtu aje. Wazee wengi hawasikii kiu kama vijana, na wapo wanaojinyima maji makusudi wasije wakamsumbua mlezi kuwapeleka msalani. Mwishowe wanachanganyikiwa, wanaanguka, na watu husema ni uzee.

Wanaoishi kwenye makazi haya ndio wasio na mtu wa kuwasemea. Huku Tanzania Bara, baadhi ya makazi, kama Nunge kule Kigamboni, historia yake ni ya wagonjwa wa ukoma. Kanda ya Ziwa wamepokelewa wazee waliokimbia kijiji baada ya kuitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, yaliyotokana na miaka ya kupikia kuni. Kule Zanzibar, nyumba za Sebleni na Welezo zimehifadhi wasiojiweza kwa miaka mingi. Mzee wa namna hii akipigwa, akiibiwa shuka au akinyimwa dawa, atamshitakia nani? Anayemlalamikia ndiye atakayemletea uji kesho asubuhi.

Kwenye karatasi hatuko vibaya. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni ya jamii wazee wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2016, na mwaka 2020 ikatunga sheria inayowahusu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee Januari 2016, na ndani yake nchi zinatakiwa kuhakikisha makazi ya wazee yanafikia viwango vya chini vya huduma. Pamoja na Katiba hiyo ya Kenya, mwaka 2023 waandishi wa BBC Africa Eye walirekodi kwa siri katika nyumba moja ya wazee nje kidogo ya Nairobi, na picha zao zilionesha wazee wakipigwa na kutelekezwa.

Uingereza, yenye tume maalumu ya kukagua huduma tangu 2009, nayo ilipata aibu yake. Mwaka 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionesha watu wazima wenye ulemavu wa akili wakiteswa na wahudumu katika hospitali binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol. Wahudumu 11 walitiwa hatiani na sita wakafungwa. Kinachouma zaidi ni kwamba muuguzi mmoja alikwishapeleka taarifa kwa tume ile, na hakuna aliyefuatilia. Baadaye ukaguzi ulibadilishwa: kila nyumba sasa hupewa daraja, kuanzia bora kabisa hadi isiyofaa, na inalazimika kulibandika mahali mgeni ataliona.

Kwetu, kwenye makazi ya serikali, wizara inayomwajiri mfawidhi wa makazi ndiyo hiyohiyo inayomsimamia. Sisemi maofisa ustawi wa jamii hawana uchungu na wazee. Wengi wao hutoa mfukoni nauli ya kumpeleka mzee hospitali. Lakini hakuna binadamu anayejikagua vizuri. Anatakiwa mkaguzi asiye wa idara hiyo, anayekuja bila kupiga simu, ikiwezekana saa nne usiku au Jumapili mchana, wakati wafanyakazi wamepungua. Afungue daftari la dawa alinganishe na vidonge vilivyobaki. Aonje chakula. Azungumze na mzee faragha, mlezi akiwa nje, na arudi baada ya mwezi kuona kama mzee yule ameadhibiwa kwa kusema.

Nyumba binafsi na za taasisi za dini nazo zisiachwe, maana zinaongezeka mijini kadiri watoto wanavyohamia mbali na wazazi.

Ombi langu kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum ni moja: taarifa ya ukaguzi wa kila makazi itangazwe kwa wananchi, jina la makazi na mapungufu yake yakiwa wazi. Nawe msomaji, ukipeleka mchele wako mwaka huu, omba kuingia vyumbani, na uulize wazee waliolala wamegeuzwa saa ngapi.