Kipunji

Kipunji (jina la kisayansi: Rungwecebus kipunji) ni kima wa familia Cercopithecidae anayeishi katika misitu ya milimani ya kusini mwa Tanzania pekee. Ana manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama utosini na mkia mrefu.

Ugunduzi

Wawindaji Wanyakyusa walimfahamu kabla ya wanasayansi, na jina ni lao. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport walisikia habari zake kwa wawindaji hao, kisha wakamwona kwenye Mlima Rungwe, kaskazini kwa mji wa Tukuyu. Mwaka 2004 Trevor Jones na wenzake walimkuta pia katika msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa.

Uainishaji

Mwaka 2005 spishi hii ilitangazwa kwa kutegemea picha, bila kuua mnyama, ikawekwa katika jenasi Lophocebus. Baadaye kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi. Uchunguzi wa DNA yake katika maabara ulionyesha kwamba ana undugu wa karibu zaidi na nyani. Hivyo mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Uhifadhi

Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria vipunji 1,117 tu. Wanatishiwa na uwindaji, ukataji miti na uchomaji mkaa. Msitu ukikatika vipande, makundi hutengana na kushindwa kuzaliana. Kwa hiyo kulinda misitu inayounganisha Rungwe na Kitulo ni muhimu sawa na kuzuia mitego.