Televisheni ya Chogo: Kabla Hujainunua na Kabla Hujaifungua

Matangazo ya analojia yalipozimwa Moshi na Arusha mwaka 2013, televisheni nyingi za chogo zilihamishiwa stoo. Baadhi yake sasa zinarudi sokoni, safari hii kwa wapenzi wa vitu vya kale: wapo wanaozitumia kwa michezo ya zamani ya video, wanaotazamia kanda za harusi za wazazi wao, na wanaogeuza kasha kuwa kabati. Nyingine hununuliwa Taveta na kuvushwa Holili.

Mnunuzi wa Taveta aanze na hesabu ya mpakani. Utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo, wenye kikomo cha dola 2,000 za Marekani, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Televisheni ya Japani haiwi ya Jumuiya kwa kukaa Taveta miaka 20. Uliza forodha ya Holili kabla ya kulipa fedha upande wa pili.

Usinunue televisheni iliyozimwa. Kabla ya kuomba iwashwe, gusa mgongo wake. Ukiwa na joto, huenda muuzaji ameiwasha mapema. Kioo kilichochoka hutoa picha hafifu kikiwa baridi, kisha huonekana kizima kikishapata moto. Omba ipoe kwanza, halafu iwake kwa nusu saa mbele yako. Madoa ya rangi kwenye pembe yasikutishe sana, kwani mara nyingi huletwa na sumaku ya spika iliyowekwa karibu. Picha yenye giza lisilorekebishika ni jambo jingine: kupata kioo kipya cha kubadilisha ni karibu muhali. Soma pia kibandiko cha nyuma, maana kifaa cha volti 100 kitaungua kikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230. Kisha dai stakabadhi inayoeleza hali ya kifaa, si bei pekee.

Tunaosisitizia zaidi ni wale wanaotaka kuifungua. Televisheni ya rangi inapowaka, ndani yake huwa na umeme unaoweza kuzidi volti 20,000, na kioo huweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Kuchomoa waya si kinga. Aidha, ndani ya kioo hamna hewa. Kikigongwa, hasa shingoni, kinaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vigae vyenye madini ya risasi. Anayetaka kabati, basi, ampelekee kwanza fundi wa televisheni aondoe chaji na kukitoa kioo kikiwa kizima, na gharama hiyo aihesabu tangu anapopatana bei. Mkubaliane mapema kioo kitapelekwa wapi. Kisitupwe jalalani, wala kisivunjwe uani, watoto wakitazama, kwa ajili ya shaba ya koili zilizozunguka shingo yake.