Dereva wa basi usiku, mbeba magunia mchana

BUSITEMA, Uganda. Ilikuwa alfajiri ya siku ya soko, saa kumi na mbili kasoro, na mteja wa upande wa Kenya alikuwa anampigia mama mmoja muuza maharagwe ili athibitishe magunia manane. Simu haikupatikana. Mteja hakungoja. Alimpigia mtu mwingine, na kabla jua halijawa kali mzigo wa huyo mwingine ulikuwa umeshavuka Busia.

Simu haikuibiwa wala haikuanguka majini. Ilikuwa imekesha. Mwanawe wa miaka 19 alikuwa ameitumia usiku kucha kuendesha basi.

Mama huyo ananunua maharagwe kwa wakulima wa vijiji vya Busitema, kando ya barabara kuu ya Jinja kuelekea Tororo na Malaba, na kuyauza Busia ya Kenya. Nilimkuta amekaa juu ya gunia tupu, hasira zimeshapoa lakini hesabu bado ziko kichwani. Aliniomba nisitaje jina lake wala la watoto wake, akisema ugomvi wa nyumbani haupelekwi sokoni. Simu ile ndiyo ofisi yake: wateja wako humo, pesa ziko humo, hata bei za asubuhi za upande wa pili zinaingilia humo. Alichotaka kujua kwangu, mtu wa magazeti, ni kitu kimoja tu: huyu mtoto anacheza au anaumwa?

Sikuwa na jibu. Nilimwomba kijana aniruhusu nikae naye usiku mmoja.

Gemu yenyewe inaitwa Bus Simulator Indonesia. Ilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya Indonesia, na inachezwa kwenye simu ya kawaida. Iliundwa kwa barabara za huko kwao na honi zao za kuimba, lakini inamruhusu mchezaji kuingiza gari lililotengenezwa na mtu mwingine. Mlango huo ndio waliopitia vijana wa Afrika Mashariki. Leo utaona kwenye barabara za Java mabasi yenye rangi na maandishi ya makampuni yanayopita Busia na Malaba kila siku, kazi ya mafundi wa Kenya na Tanzania ambao wengi wao hawajawahi kumiliki hata baiskeli.

Saa nne usiku kijana alijiunga na msafara. Mabasi yalipangana nyuma ya kiongozi mmoja, kila moja likiendeshwa na mtu halisi mahali fulani. Nilitarajia fujo. Nilichokiona ni adabu. Hakuna kumpita kiongozi. Ukipata ajali unarudi mwisho wa foleni. Mmoja alipokatika mtandao, wengine walisimama pembeni na taa za hatari zikiwaka, wakamngoja. Kijana wetu, ambaye mchana huinamisha kichwa akiulizwa swali, alikuwa na sauti ya dereva wa masafa: mzito, mvivu kidogo wa maneno, anayejua barabara. Mara mbili alilalamika kuhusu abiria. Basi halikuwa na abiria wa kulalamikiwa, na hakuna aliyecheka.

Huko ndiko kuigiza uhusika. Sisi sote tulianza nako. Kenya watoto wanacheza kalongolongo, Tanzania wanacheza kibaba na kimama: huyu mama, huyu baba, tope ni ugali. Tofauti ni kwamba hapa mashine imeshika nusu ya kazi. Usukani umechorwa, mvua imechorwa, na sheria za uzito na mwendo amezishika mtu mwingine. Mchezaji anabaki na tabia tu, na tabia hiyo inaonekana katika anachofanya zaidi ya anachosema. Dereva mzuri wa msafara anaweza asitamke maneno kumi usiku mzima, na wote wakajua yeye ni nani.

Na kila kitu kinatokea sasa hivi. Ukisita, umegonga.

Yule mama alipokuwa anamlaumu kijana, dada yake alinyamaza. Yeye yuko chuo kikuu hapo hapo Busitema, chuo kilichoanza mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha mitambo ya kilimo. Baadaye alinivuta pembeni akaniambia kwamba na yeye anacheza, ila mchezo wake hauli betri.

Wake ni wa maandishi. Wako tisa katika kundi la WhatsApp, baadhi Uganda, baadhi Kenya, mmoja Mwanza. Wamebuni mji wa mpakani usiokuwepo kwenye ramani, na kila mmoja ana mhusika wake. Mmoja ni dereva wa lori, mmoja ni mbadilisha fedha, mmoja ni mwanamke mfanyabiashara. Binti huyu ni afisa wa forodha. Mtu anaandika kifungu, anaacha, mwenzake anajibu, pengine baada ya dakika tano, pengine kesho baada ya mtihani. Hakuna picha. Kama mvua inanyesha ni kwa sababu mtu ameandika kwamba inanyesha.

Sheria yao kubwa ni moja: usimsogeze mhusika wa mwenzako. Unaweza kuandika kwamba umenyoosha mkono kudai karatasi, lakini huwezi kuandika kwamba mwenzako ametoa karatasi. Hilo ni lake. Inabidi umpe kitu cha kujibu, kisha ungoje.

Nilipolisikia hilo nilifikiria soko la Busia. Muuzaji anasema bei hiyo hata yeye hakuipata shambani. Mnunuzi anageuka, anapiga hatua tatu za mtu anayeondoka, hali haondoki. Wote wawili wanajua, na hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Hayo ni maigizo ya uso kwa uso, ya msafara wa mabasi. Lakini oda inayokuja kwa ujumbe wa simu ni biashara nyingine kabisa. Unaisoma mara mbili, unapima maneno, unajibu ukiwa umetulia, na usipojieleza vizuri hakuna uso wa kukusaidia. Wafanyabiashara wengi ninaowafahamu ni hodari wa mojawapo tu kati ya hizo mbili.

Wanaodhani kuandikiana ni jambo dogo lililobaki nyuma ya gemu za picha wanasahau kwamba vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianzisha gemu ya kompyuta iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Watu wengi waliingia kwa wakati mmoja wakaonana, ila kwa maandishi matupu: uko njiani, kuna lango mbele yako, fulani yuko hapa. Misafara ya leo ni wajukuu wa maandishi yale. Na kabla ya kompyuta, washairi wa Kiswahili walikuwa wameshajibizana kwa karne nyingi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitupiana mashairi na washairi wa Lamu katika karne ya 19, kila mmoja akivaa sauti ya mji wake.

Tuko na mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2010 Kenya ilianza kusoma jarida la katuni la Shujaaz, lenye kijana wa kubuni anayejiita DJ B na kituo chake cha redio cha siri. Vijana walimwandikia kwa ujumbe wa simu na Facebook, na yeye aliwajibu, kwa sauti yake ileile ya kwenye katuni. Waliomwandikia walijua hayupo, na waliendelea kumuuliza mambo ya kilimo, ya pesa na ya mapenzi. Jarida lilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka 2012.

Upande wa Uganda, mazungumzo kama hayo yalipata ugumu Facebook ilipofungwa Januari 2021. Kabla ya hapo kulikuwa na ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, na mwaka 2021 nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Ndiyo maana vijana wa mpakani wana laini mbili, ya huku na ya kule, kama wazazi wao walivyo na pochi mbili. Na hapo maandishi yanashinda waziwazi. Kundi la binti yule linaishi kwa bando la kupimia, na mtandao ukikatika hadithi inangoja. Msafara haungoji muda mrefu. Kijana mwenyewe alikiri kwamba fedha anazopata kwa kupakia magunia kwenye bodaboda zinaishia kwenye bando.

Sasa nirudi kwa yule afisa wa forodha wa kubuni.

Binti alinionyesha kipande walichoandika wiki ile. Mwanamke mfanyabiashara, anayeandikwa na kijana wa upande wa Kenya, amefika mpakani na magunia yake. Afisa anamuuliza karatasi. Mwanamke anaanza kuomba: ana watoto, ametoka mbali, asaidiwe. Afisa hamfukuzi wala hamhurumii. Anamuuliza tena, polepole, bidhaa zimetoka wapi na zina thamani gani. Binti alikuwa anamngoja mwenzake aandike jibu analolijua kila mfanyabiashara mdogo aliyeelekezwa vizuri: kwamba chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha, unapewa cheti rahisi cha asili hapo hapo mpakani na haulipiwi ushuru wa forodha. Vibali vingine, kama vya afya ya mimea, vinabaki palepale. Kijana hakujua. Alidhani kuomba ndiyo njia pekee.

Mama alikuwa nyuma yetu. Sikujua amesoma kiasi gani juu ya bega la bintiye. Alimuuliza maneno ya kuomba yale yametoka wapi. Binti akasema ameandika mwenzake. Mama akasema hapana, hayo ni yangu.

Ikabidi atueleze. Miaka mingi iliyopita, kabla ya marais Museveni na Kenyatta kuzindua kituo cha pamoja cha Busia Februari 2018, alizuiliwa na magunia mawili mahali ambapo sitapataja. Aliomba kwa maneno karibu yaleyale, mtoto mgongoni. Aliacha gunia moja na akavuka na la pili, na kwa muda mrefu baada ya hapo alitumia njia za panya. Mtoto wa mgongoni ndiye huyu aliyekaa na simu. Hakuna aliyewahi kumsimulia, na kijana wa Kenya aliyeandika maneno yale hamjui mama huyu. Yalifanana kwa sababu wanaoomba mpakani huomba hivyohivyo.

Kuna jambo la kuangalia, nalo si dogo. Nyuma ya mhusika kuna mtu usiyemwona. Katika msafara hatari ni anayeuza basi la kuchora kwa pesa za simu kisha anatoweka. Katika maandishi ni anayejenga urafiki kwa wiki kadhaa, akijua kungoja, kisha mhusika wake anapata shida inayohitaji pesa halisi. Sisi wa mpakani tumeshaigiziwa vya kutosha na wanaojifanya mawakala wa pesa. Kundi la binti lina kanuni kwamba pesa hazitajwi nje ya hadithi, na aliyewahi kuomba bando alitolewa siku hiyohiyo.

Kuhusu kijana, mama hakupiga marufuku. Simu sasa inakabidhiwa kwake saa tatu usiku, na msafara unabaki wa Jumamosi, kwa betri ya akiba aliyoinunua kijana kwa fedha zake. Nilimuuliza mama kama amepata jibu la swali lake la kwanza. Akasema kijana anayejua kukaa foleni anaweza kufundishwa kazi, ila gunia nane hazirudi.

Nilipopita tena siku tatu baadaye, nilimkuta anamuuliza bintiye yule mwanamke wa kwenye hadithi amejibu nini kwa afisa. Binti akasema bado. Mwenzake wa Kenya ameishiwa bando.