Ngazi ya Jengo ni ya Nani? Wajibu wa Mwenye Nyumba Mpangaji Anapoumia

Katika nyumba ya ghorofa, familia nyingi hutumia ngazi moja, tangi moja la maji na ujia mmoja. Mtu anapoanguka kwa sababu kidato cha ngazi kimebomoka, au anapoangukiwa na plasta ya dari, swali linalozuka mara moja ni nani atakayelipa gharama za matibabu. Wapangaji wengi hudhani kwamba ajali ni bahati mbaya isiyo na mwenyewe. Nao baadhi ya wenye nyumba hudhani kwamba wajibu wao huishia pale wanapokabidhi ufunguo na kupokea kodi. Dhana zote mbili si sahihi.

Wajibu unaotokana na sheria

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, kinaorodhesha ahadi ambazo mwenye nyumba huhesabiwa kuwa amezitoa kwa mpangaji, hata kama hazikuandikwa katika mkataba. Anapopangisha sehemu tu ya jengo, hupaswa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote, zikiwamo njia za kupitia. Aidha, nyumba au chumba cha kuishi hupaswa kuwa katika hali inayomfaa binadamu wakati upangaji unapoanza, na kubaki hivyo muda wote wa upangaji.

Ahadi hizi hazitegemei karatasi. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu waweza kufanywa kwa mdomo, na mpangaji wa namna hiyo analindwa kama mwenzake mwenye mkataba ulioandikwa. Hata hivyo, risiti za kodi humsaidia kuthibitisha kwamba yeye ni mpangaji.

Katika majengo ambayo kila sehemu ina mmiliki wake, Sheria Namba 16 ya mwaka 2008 inaukabidhi umoja wa wamiliki utunzaji wa sehemu za pamoja. Mkazi wa jengo la aina hiyo hana budi kufahamu viongozi wa umoja huo ni akina nani.

Nani alikuwa na mamlaka, na alijua nini

Mwenye nyumba hawajibiki kwa kila jeraha linalotokea ndani ya jengo lake. Katika shauri la uzembe, mahakama hutazama kwanza ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya sehemu iliyosababisha ajali. Kisha hutazama kama mtu huyo aliujua ubovu au alipaswa kuujua, na kama alipata nafasi ya kuurekebisha lakini hakufanya hivyo.

Chukuliwe mfano wa kishikio cha ngazi kilicholegea katika ghorofa ya tatu. Ngazi ni sehemu ya wote, na mwenye nyumba ana wajibu wa kuikagua. Iwapo wapangaji walimpa taarifa mwezi mmoja kabla ya ajali naye akakaa kimya, itamwia vigumu kujitetea. Lakini iwapo kishikio kilivunjwa asubuhi na mafundi waliokuwa wakipandisha kabati la mpangaji, na mtu akaanguka adhuhuri, lawama yaweza kuwaangukia wale waliokivunja.

Ndani ya chumba hali hubadilika. Mwenye nyumba haingii humo kila siku, hivyo ni vigumu kwake kujua kwamba soketi inatoa cheche asipoambiwa. Mpangaji aliyejiunganishia waya za umeme bila idhini naye hawezi kumtwisha mwenye nyumba matokeo yake. Kwa upande mwingine, ikiwa nyaya zilikuwa mbovu tangu mwanzo, mwenye nyumba hawezi kujitetea kwa kusema kwamba aliajiri fundi wa bei nafuu. Kazi hiyo hupaswa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mgeni aliyekuja kumtembelea mpangaji hana mkataba na mwenye nyumba, lakini akiumia katika sehemu ya wote aweza kudai fidia kwa msingi wa uzembe. Majeruhi ambaye naye hakuwa mwangalifu huweza kupunguziwa fidia kwa kadiri ya mchango wake katika ajali.

Taarifa ya maandishi

Kwa kuwa mashauri mengi ya namna hii huhitaji kuthibitisha kwamba mwenye nyumba alijua, taarifa ya maandishi ina uzito mkubwa. Malalamiko yaliyotolewa kwa mdomo kwa mkusanya kodi hukanushwa kwa urahisi. Barua fupi yatosha: itaje tarehe, sehemu yenye ubovu na hatari yake, isainiwe na wapangaji kadhaa, na nakala ihifadhiwe. Ujumbe wa simu nao waweza kuwa ushahidi, mradi usifutwe. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Ifahamike kwamba kutoa taarifa ya ubovu si kuvunja mkataba.

Ajali ikitokea, majeruhi apelekwe hospitali kwanza. Fomu ya polisi, PF3, ichukuliwe. Eneo lipigwe picha kabla halijatengenezwa. Majina ya mashahidi na risiti za matibabu vihifadhiwe.

Mahali pa kupeleka shauri

Mkazi anayeona hatari katika jengo aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata, ambaye atamwunganisha na afisa afya au mhandisi wa halmashauri. Chemba ya maji taka iliyo wazi na uchafu unaohatarisha afya hushughulikiwa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na mhusika aweza kupewa notisi ya kuondoa kero hiyo. Moto na uokoaji ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa simu namba 114.

Halmashauri yaweza kuagiza hatari iondolewe, lakini haina mamlaka ya kumlipa majeruhi fidia wala kumlazimisha mwenye nyumba ailipe. Pande mbili zisipopatana, uamuzi huo ni wa mahakama. Dai linalotokana na uzembe hupaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3, na linalotokana na mkataba ndani ya miaka 6. Asiyemudu wakili aweza kuwaona wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya mtendaji wa kata itamwelekeza mahali pa kuwapata.

Kwa mwenye nyumba, kukagua ngazi, vishikio, kingo za roshani, vifuniko vya chemba na taa za ujia ni kazi ya saa chache. Gharama ya kubadilisha kidato kimoja ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kutibu mguu uliovunjika, na kulingana na sheria, gharama hiyo ya pili nayo yaweza kuwa yake.